Stata ya Injini ya Boti ya Zamani Haipigi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Ubovu

Stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake: nyingi zinazofunguliwa kwenye fukwe za Kigoma hazina ubaya wowote. Mwenye boti anageuza ufunguo pale Kibirizi, injini inajibu "tak" moja au inanyamaza kabisa, fundi anaitwa, na neno la kwanza linalomtoka ni kwamba stata imeungua. Inafunguliwa, inasafishwa, inarudishwa. Siku mbili inapiga vizuri, ya tatu mnarudi palepale. Mara nyingi kilichoiponya kwa siku hizo mbili ni nati za nyaya zilizokazwa upya wakati wa kuirudisha, na hakuna aliyeligundua hilo.

Mwongozo huu ni wa injini za nje za zamani zenye stata ya umeme: Johnson na Evinrude za miaka ya 1960 hadi 1990, pamoja na Yamaha za rika hilo, zile za kuchanganya oili kwenye petroli. Injini za kuvuta kamba, ambazo ndizo nyingi kwenye mitumbwi ya dagaa, hazituhusu sana, ingawa mwishoni tutaihitaji kamba. Za umeme nyingi hufika huku zikiwa zimeshatumika, na zile zilizoishi Dar es Salaam au Tanga huja na chumvi ya bahari ndani ya nyaya, hata kama rangi ya nje inang'aa.

Spea nazo zina kisa chake. OMC, kampuni iliyotengeneza Johnson na Evinrude, ilifilisika Desemba 2000. Bombardier ya Kanada waliichukua kazi hiyo, baadaye ikawa chini ya kampuni ya BRP, ambao mwaka 2020 waliacha kutengeneza Evinrude. Stata ya injini kama hiyo huendi kuichukua dukani asubuhi ukaifunga mchana, unaagiza na unasubiri. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, uwe umeuona ubovu kwenye mita kwa macho yako.

Njia ambayo umeme unapita

Mfumo una njia mbili, na ukizichanganya kichwani utahangaika siku nzima.

Njia kubwa ndiyo yenye nyaya nene. Moto unatoka chanya ya betri, unafika kwenye bolti kubwa ya kwanza ya solenoidi (swichi nzito inayofungwa kwa umeme mdogo), unatoka bolti kubwa ya pili, unaingia stata, unapita kwenye bodi ya injini na kurudi hasi ya betri kwa waya mnene wa eathi. Kurudi huko watu hukusahau. Umeme usiporudi, haukwenda.

Njia ndogo ni ya nyaya nyembamba. Inaanzia bolti ya kwanza ya solenoidi, inapita kwenye fyuzi (Johnson na Evinrude nyingi zina ya ampea 20), inakwenda mpaka swichi ya ufunguo, inarudi kupitia swichi ya nyutro (inayozuia stata kupiga gia ikiwa imeingia) hadi kwenye nguzo ndogo ya solenoidi. Nguzo ndogo ya pili huenda eathi. Kazi yake ni moja tu: kuiamsha solenoidi ili iunganishe zile bolti mbili kubwa. Kwenye baadhi ya injini za zamani zaidi, swichi ya nyutro imewekwa upande wa eathi wa solenoidi badala ya upande wa moto. Fuata waya kwa mkono kabla ya kuamini mchoro wowote.

Rangi husaidia pale ambapo hakuna aliyebadilisha nyaya. Johnson na Evinrude za tangu miaka ya 1970 hivi hutumia waya wa njano wenye mstari mwekundu kwa kuamsha stata, na wa zambarau kwa moto unaokuja baada ya kufungua ufunguo. Yamaha hutumia kahawia kuamsha stata, nyekundu kutoka betri, njano kwa moto wa baada ya ufunguo, nyeusi kwa eathi na nyeupe kuzima injini. Ukikuta waya wa redio umefungwa kwa plasta ya kidonda, na utaukuta, sahau rangi.

Kabla hujagusa

Boti ya mbao yenye madumu ya petroli si mahali pa kupigia cheche. Shusha madumu, acha kifuniko cha injini wazi mvuke utoke, na kazi yote ya kuunganisha moja kwa moja ifanye boti ikiwa ufukweni. Betri inayochajiwa nayo hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara ikae mbali. Unapofungua nyaya za betri anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Weka gia nyutro, na kama unaweza, toa propela kabisa. Chomoa waya za plagi na uziunganishe na bodi ya injini, injini isije ikawaka huku mkono wako uko kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya injini.

Usichanganye chanya na hasi, hata kwa sekunde moja. Rektifaya, kile kidude kinachogeuza umeme wa kuchaji betri, huungua papo hapo.

Vifaa: multimita ya kawaida ya kidijitali, spana, msasa laini, brashi ya waya, nyaya za kubustia betri, na kipande cha waya mwembamba chenye klipu pande zote mbili. Taa ya kupimia ya fundi umeme inafaa kwa njia ndogo tu. Kwa njia kubwa inadanganya, na sababu tutaiona.

Kwanza, injini yenyewe inazunguka?

Toa plagi zote, zungusha flaiwili kwa mkono au kwa kamba, kwa mwelekeo wa mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Inapaswa kuzunguka bila kukwama. Ikigoma, tatizo si umeme: pistoni imeshika, au chembe ya chuma imekwama kwenye meno ya flaiwili. Maji yakiruka kupitia matundu ya plagi, umepata jambo zito zaidi ya stata. Hatua hii ni ya dakika tano na watu huiruka.

Betri, na taa za dagaa

Hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Marekani. Vitabu hivyo vinadhani betri ya boti ina kazi moja. Huku betri hiyohiyo imewasha taa za kuvulia dagaa usiku kucha badala ya karabai za zamani, imechaji simu za watu wote botini, kisha alfajiri inaambiwa ivute stata. Betri ya gari ina sahani nyembamba zilizoundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiikausha mara kwa mara kwa taa, sahani zinakufa. Betri ya sola ina sahani nene, inastahimili kukaushwa, lakini stata ikiidai ampea nyingi kwa mara moja, voti zake hushuka sana isipokuwa iwe kubwa. Mwenye uwezo aweke mbili: ya taa iwe ya taa, ya stata isiguswe na mtu mwingine.

Kukaa bila kazi nako kunaua. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, betri zilizoachwa botini bila kuchajiwa zilikuwa zinajiishia zenyewe kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Betri ya asidi ikikaa muda mrefu ikiwa tupu, sahani zake hufunga ukoko mgumu ambao chaja haiutoi.

Pima hivi. Baada ya kuchaji, iache betri itulie saa kadhaa, au washa taa dakika moja mbili kuondoa moto wa juujuu, kisha weka mita kwenye nguzo zenyewe za risasi. Voti 12.6 hadi 12.7 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki robo. Chini ya hapo usipoteze muda wa kupima kitu kingine, chaji kwanza.

Kisha pima ikiwa kazini, maana hapo ndipo betri mbovu inapojitaja. Mita ibaki kwenye nguzo, mtu mwingine apige stata. Voti zikishuka mpaka 10 na kitu, sawa. Zikianguka chini ya 9.6, betri haifai, au stata inakula umeme kupita kiasi. Badilisha kwa betri nzuri ya gari uone. Ikiwa ni betri yenye vifuniko vya kujazia, hidromita (kipimo cha uzito wa asidi) itasema zaidi: chumba kilichojaa husoma karibu 1.265, na chumba kimoja kikipishana na wenzake kwa zaidi ya 0.050 betri hiyo imeshakufa chumba kimoja. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri tu. Maji ya Tanganyika ni matamu kwa kunywa lakini yana madini mengi, na betri haiyataki.

Sikiliza injini inasema nini

Ukiwa na betri uliyoipima, geuza ufunguo na usikilize. Sauti inakupeleka upande mmoja wa kazi.

Kimya kabisa: ubovu uko njia ndogo, au nyaya za betri zimeachia kabisa. "Tak-tak-tak-tak" ya haraka: solenoidi inashika, stata inavuta, voti zinaanguka, solenoidi inaachia, halafu inaanza tena. Hiyo ni betri dhaifu au muunganisho mbovu wa njia kubwa, karibu kila mara. "Tak" moja nzito kisha kimya: solenoidi imeamka lakini umeme mkubwa haupiti, au unafika na stata haizunguki. Stata inapiga kivivu: betri, nyaya, kaboni zilizoisha (vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka ya stata) au bushi zilizolika (pete zinazoshika mhimili wake). Stata inavuma kwa kasi na flaiwili haigeuki: bendeksi, ile gia ya stata inayoshika meno ya flaiwili.

Kuna sauti ya sita, ya kuogofya: umeachia ufunguo na stata bado inazunguka. Sahani za ndani ya solenoidi zimegandana. Chomoa hasi ya betri mara moja, solenoidi hiyo haina matibabu.

Kimya: kuifuata njia ndogo

Anza na fyuzi, na usiitazame kwa macho. Ichomoe, ipime. Fyuzi inaweza kuwa nzima huku kishikio chake kimeoza, kwa hiyo pima moto pande zote mbili za kishikio mita yako ikiwa na waya mweusi kwenye hasi ya betri.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye nguzo ndogo ya solenoidi. Mtu ageuze ufunguo mpaka mwisho, gia ikiwa nyutro. Ukisoma voti 12 hapo na solenoidi haijafanya "tak", weka mita kwenye nguzo ndogo ya pili. Hapo panatakiwa kuwa karibu sifuri. Pakiwa na 12 pia, eathi ya solenoidi imekatika, ambalo ni jambo la waya mmoja na nati moja, au la swichi ya nyutro kama ni injini yenye swichi hiyo upande wa eathi. Pakiwa na sifuri, moto unafika na unarudi lakini solenoidi haiamki: koili yake imekatika, ibadilishe.

Kama nguzo ya kwanza haina moto, rudi nyuma kituo kwa kituo: swichi ya nyutro, kisha swichi ya ufunguo. Swichi ya nyutro ni mshukiwa mkubwa kwenye injini za zamani. Tingisha mkono wa gia mbele na nyuma taratibu huku ufunguo umegeuzwa. Stata ikishtuka mara moja na kunyamaza, umeipata. Mara nyingi kebo ya gia imelegea na haikirudishi kidude cha swichi mahali pake, kwa hiyo rekebisha kebo kabla ya kununua swichi. Kuna wanaoiunganisha moja kwa moja ili wasihangaike nayo tena. Usifanye hivyo. Injini ikiwaka gia ikiwa imeingia, boti inaruka mbele, na pale Kibirizi asubuhi kuna watu wamesimama majini wakipakua samaki.

Njia ya mkato ya kuthibitisha: chukua waya mwembamba wenye klipu, gusa chanya ya betri na nguzo ndogo ya moto ya solenoidi. Stata ikipiga, solenoidi na stata ni nzima na ubovu wote uko kati ya fyuzi na swichi ya nyutro. Kumbuka kwamba hapo umeiruka swichi ya nyutro, angalia gia kwa macho kwanza.

Njia kubwa: tafuta voti zinapopotelea

Sehemu hii ndiyo itakayokuokolea pesa, kwa hiyo isome bila haraka.

Stata ya injini ya kati inaweza kuvuta ampea 100 au zaidi. Taa ya kupimia haivuti hata ampea moja. Waya uliooza ndani mpaka ukabakiwa na nyuzi tatu za shaba utaiwasha taa kwa mwanga mzuri, nawe utasema moto upo. Multimita ikipima upinzani nayo haitakusaidia: upinzani wa 0.01 omu ni mdogo kuliko kosa la mita yenyewe, lakini ampea 100 zikipita hapo zinapoteza voti 1 nzima. Viungo vitatu vya namna hiyo na stata inabaki na voti 9 au pungufu.

Dawa ni kupima voti zinazopotea wakati stata inavuta. Weka mita kwenye kipimo cha voti za DC. Waya mwekundu wa mita ugusishe nguzo yenyewe ya chanya ya betri, si kile kishikio kilichoizunguka. Mweusi ugusishe bolti ya stata ambako waya mnene unaingia. Mtu apige stata kwa sekunde tatu nne, plagi zikiwa zimetolewa. Kusomwa kwa mita ndiko kupotea kwa voti. Ikiwa chini ya 0.5, upande wa moto ni mzima. Ikiwa zaidi, gawanya njia: nguzo ya betri hadi kishikio chake, kishikio hadi bolti ya kwanza ya solenoidi, bolti ya kwanza hadi ya pili, bolti ya pili hadi stata. Kila kipande kisome chini ya 0.2 hivi, isipokuwa kile cha bolti mbili za solenoidi, ambacho mwisho wake ni 0.3. Kile kinachosoma 1 au 2 ndicho mwizi.

Bolti mbili za solenoidi zina tabia yake. Usipopiga stata, mita itaonyesha voti zote za betri kati yake, na hiyo ni sawa kwa sababu mlango umefungwa. Ukipiga, isomeke chini ya 0.3. Ikifanya "tak" na mita ikabaki 12, sahani za ndani zimeungua. Hapo umepata ubovu wa solenoidi kwa ushahidi, bila kuchokonoa kwa bisibisi.

Sasa upande wa eathi, ambao mafundi wengi hawaugusi kabisa. Waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha mwili wa stata. Piga. Ikizidi 0.3, kurudi kwa umeme ni kubovu. Rudia ukigusa bolti ya injini inayoshika waya wa eathi, utajua kama ubovu uko kwenye waya au kati ya stata na injini. Injini hizi ni za alumini, na pale stata inapokaa pakipigwa rangi au pakifanya unga mweupe, umeme haupiti. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi kwa juu baada ya kukaza.

Nyaya zenyewe zichunguze kwa vidole. Ziminye karibu na vichwa vyake: zikifanya kama zina mchanga ndani, au ukichuna ganda ukakuta unga wa kijani, kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Isipopatikana, badilisha waya wote. Kwa umbali wa mita tatu hivi, waya wa milimita 25 za mraba unatosha kwa injini za kati, na ukipata waya wa mashine ya kuchomelea wa unene huo au 35, ni mzuri maana una nyuzi nyingi laini. Epuka zile nyaya za kubustia za bei chee zenye alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Na kwenye betri usitumie nati za masikio za kukazwa kwa vidole, mawimbi yanazilegeza.

Bendeksi

Stata ya injini hizi imesimama wima, na juu yake kuna gia ndogo kwenye mhimili wenye mzingo kama wa skurubu. Stata ikiondoka ghafla, gia inabaki nyuma kwa uzito wake, mzingo unaipandisha juu, inashika meno ya flaiwili. Injini ikiwaka, flaiwili inaisukuma chini na springi inaizuia isirudi.

Angalia neno "ghafla". Betri ikiwa dhaifu, stata inaondoka kivivu na gia haipandi, unasikia mvumo tu. Kwa hiyo hata bendeksi haichunguzwi kabla ya betri. Kama betri ni nzuri, safisha mhimili kwa brashi na petroli kidogo mahali pa wazi, hasi ya betri ikiwa imechomolewa, kausha, kisha weka oili nyepesi tone moja mawili. Grisi hapana: inashika vumbi na mchanga, inakuwa gundi, na gia ndiyo inakwama hapo. Inua gia kwa mkono: ipande bila kusita na springi iirudishe. Meno yakiwa yamelika upande mmoja, au mpira wa ndani wa bendeksi ukiteleza, ibadilishe. Chunguza pia meno ya flaiwili kwa kuizungusha mzunguko mzima, maana injini hupenda kusimama mahali palepale na meno ya hapo ndiyo huisha.

Kufungua stata, sasa ukiwa na sababu

Umefika hapa kwa sababu betri ni nzima, moto unafika kwenye bolti ya stata kwa voti 10 au zaidi wakati wa kupiga, eathi ni safi, na bado haizunguki au inajikokota. Sasa ina kosa.

Itoe, ibane vizuri kwenye jiliwa au kwa mguu wenye kiatu kigumu, uipe moto moja kwa moja kwa nyaya za kubustia, klipu ya mwisho ikigusishwa mbali na betri. Itaruka, jiandae. Ikizunguka kwa kasi mezani lakini si kwenye injini, rudi kwenye eathi na bushi.

Kabla ya kuifungua chora mstari kwa msumari kutoka kifuniko cha juu, mwili, hadi kifuniko cha chini. Ukikosea kuvirudisha mahali pake itakuletea shida mpya. Usiugonge mwili kwa nyundo: stata nyingine zina sumaku za kudumu ndani, na hupasuka.

Kaboni zikiwa zimelika zaidi ya nusu ya urefu wake wa mwanzo, au zikikwama kwenye vishikio, badilisha zote pamoja na springi zilizopoteza nguvu. Fundi umeme wa magari anaweza kukupatia kaboni za stata ya gari akazisugua zikae saizi. Inakubalika, mradi waya wa kaboni uwe mnene kama wa mwanzo na kaboni isibanwe kwenye kishikio.

Amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya stata, ina ile duara ya shaba iliyogawanywa vipande. Isafishe kwa msasa laini wa karatasi. Msasa wa kitambaa wa kusugulia chuma usiutumie, unga wake unapitisha umeme na utabaki kwenye mifereji. Mifereji hiyo ikwangue kwa kipande chembamba cha msumeno wa chuma, iwe chini kidogo ya shaba. Kisha mita: kipande kwa kipande jirani kipitishe, kipande kwa mhimili kisipitishe hata kidogo. Kikipitisha, amecha ina shoti, na hapo ni kwa fundi wa kusuka mota au amecha nyingine.

Tingisha mhimili kwenye bushi. Mhimili ukicheza sana, amecha inasugua mwili wa ndani, utaona michubuko inayong'aa, na stata itavuta umeme mwingi huku ikizunguka kivivu. Fundi wa karakana anaweza kukutengenezea bushi ya shaba. Tone moja la oili linatosha, zaidi ya hapo litafika kwenye kaboni.

Wakati wa kurudisha, kaboni huzishika nyuma kwa waya uliokunjwa mpaka amecha iingie, halafu unauchomoa. Maliza kwa kurudia kipimo cha voti zinazopotea, na uandike namba hizo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha injini pamoja na tarehe. Atakayefuata, hata kama ni wewe, atajua injini ilipokuwa nzima ilisoma ngapi. Ukipiga stata isizidi sekunde 10 kwa mara moja, kisha iache ipoe dakika mbili. Kuna stata zilizoungua kweli, na nyingi ziliunguzwa na ufunguo uliong'ang'aniwa.

Ikikugomea mbali na nyumbani

Ukiwa Kagunga au kusini huko Kalya, stata ikakataa na huna mita, kaza kwa mkono kila kichwa cha waya mnene, zungusha vishikio vya betri robo zamu kwenye nguzo zake, zima taa zote, jaribu tena. Hilo peke yake hutosha mara nyingi.

Lisipotosha, juu ya flaiwili ya injini nyingi kuna vijino vya kuingizia fundo la kamba. Toa kifuniko, funga fundo, zungusha kamba mizunguko miwili kwa mwelekeo wa mshale wa saa, vuta. Gia uithibitishe wewe mwenyewe kwa macho, kwa sababu swichi ya nyutro haizuii kamba. Usiiviringe kamba mkononi, asiwepo mtu nyuma yako, na kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa mwilini. Ikiwaka, usijaribu kurudisha kifuniko flaiwili ikizunguka, na nguo pana ziweke mbali nayo. Nyingi ya injini hizi hujitengenezea cheche zenyewe na zitawaka hata betri ikiwa hoi, isipokuwa baadhi ya kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ambazo cheche zake zinategemea betri. Betri hiyo iache imefungwa mpaka ufike na kuzima. Ukiichomoa injini ikiwa inawaka, utafika nyumbani na rektifaya iliyoungua, juu ya ile stata mbovu uliyokuwa nayo.